UZI: Vipande vidogo vya sanaa kwa sindano, rangi za maji na wino (utaratibu, vifaa vya Nairobi, yanayoharibika na sababu zake)

#1 PindoNaMji

Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa kazi ndogo: kipande cha ukubwa wa postikadi, sentimita 10 kwa 15, chenye rangi ya maji, mistari ya wino na mshono wa mkono juu ya kitambaa kimoja. Ni saizi inayomalizika, inaingia kwenye bahasha, na haidai meza kubwa wala cherehani. Maswali yametawanyika kwenye nyuzi nyingine, kwa hiyo naweka utaratibu mzima hapa, kisha wenye ujuzi wakosoe na waongeze.

Kitambaa cha juu ni kaliko, nyeupe au ile isiyopaushwa (amerikani). Biashara Street na Eastleigh inauzwa kwa mita, na nusu mita inatoa vipande 20 na zaidi. Hakikisha ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache pembeni uzichome: pamba huwaka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Zikiyeyuka na kubaki tone gumu jeusi, hiyo ni poliesta au mchanganyiko. Rangi ya maji haitaingia humo, itakaa juu na kubanduka.

Kitambaa kipya kimepakwa wanga na mafuta kiwandani, na hapo ndipo mabaka yasiyoeleweka huanzia. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwenye lita 4 za maji, uchuje mchanga wake, tia sabuni ya mche iliyokunwa kidogo, uchemshe kitambaa dakika 30. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kikikauka, dondosha tone la maji juu yake. Likizama papo hapo, kiko tayari. Likikaa duara juu, rudia kuchemsha. Usikate vipande kabla ya hatua hii, kwa sababu kaliko hurudi nyuma asilimia 3 hadi 5 ikikutana na maji ya moto.

Halafu unakirudishia wanga, lakini huu ni wa kwako: mwepesi na uliosambaa sawasawa. Kijiko kimoja cha chakula cha konfulawa kwa vikombe viwili vya maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo isije ikashika madonge, pika mpaka iwe nyangavu, ipoe, chovya kitambaa, kamua, piga pasi kingali na unyevu. Kazi ya wanga ni kuzuia rangi isikimbie kwenye nyuzi. Ukiwa mzito, rangi hubaki juu na kila tundu la sindano litaonekana.

Kata kipande cha 12 kwa 17, si 10 kwa 15. Mshono hukusanya kitambaa, utapoteza karibu nusu sentimita kila upande, na ziada iliyobaki ni ya kunyoosha kingo mwishoni.

Rangi tatu zinatosha kuanzia: bluu ya ultramarini, kahawia nyekundu ya sienna iliyochomwa, na njano ya udongo. Ultramarini na sienna zikichanganywa zinatoa kijivu kizuri kuliko rangi yoyote nyeusi ya tyubu. Paka kutoka nyepesi kwenda nzito, brashi ikiwa na maji machache kuliko ungetumia kwenye karatasi. Ukiona maji yanametameta juu ya kitambaa, yamezidi: gusisha ncha ya tishu na uiinue bila kusugua.

Mpangilio wangu ni: osha, tia wanga, paka rangi, chora kwa wino, piga pasi, panga matabaka (kitambaa cha nyuma, kijazo cha katikati, kisha kaliko juu), shona, maliza pindo.

#2 Wino_Mweusi

Asante kwa uzi huu, PindoNaMji. Nina ubishi kwenye sehemu moja tu, rangi kabla ya wino. Ukishalowesha kitambaa kwa rangi, ule wanga wa konfulawa umelegea. Mstari mwembamba ukipita baadaye mahali palipolowa, wino unatafuta mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) na kutoa vinyweleo pande zote mbili. Kwenye kitambaa kilichotiwa wanga na ambacho hakijaguswa na maji, mstari uleule unasimama wima.

Sharti ni wino usiotoka kwa maji. Kalamu za wino wa chembe, kama Pigma Micron, zinafaa. Chukua ncha namba 05 au 08. Ncha 01 hujaa nyuzi za kitambaa na kufa haraka. Usikokote kalamu kama unavyoandika barua: gusa, sogeza milimita 5, inua. Ukisimama mahali pamoja, hata kwa nusu sekunde, utapata nukta.

Wino wa chupa, ule wa kichina wenye shelaki, ni mweusi zaidi na haufifii kwa jua kwa sababu weusi wake ni masizi. Nibu yake hukwama kwenye kitambaa, kwa hiyo tumia brashi namba 1 au 2 na uioshe mara moja, ukikauka brashi imekwisha. Wala usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino, shelaki huziba mrija. Nibu mpya za kuchovya huja na mafuta ya kuzuia kutu, ndiyo maana wino unakusanyika matone na kukataa kushuka. Sugua nibu kwa sabuni ya vyombo au dawa ya meno, suuza, kausha, utaona unashuka.

Kalamu ya kawaida ya mpira (biro) iacheni kabisa. Mafuta yake husambaa polepole, na baada ya muda mstari unapata kivuli cha njano.

Ukishachora, acha saa 24, kisha pasi kavu ya joto la pamba, bila mvuke, dakika 3 juu ya kitambaa kingine safi. Ndipo upake rangi.

#3 PindoNaMji

Kwa mistari myembamba, sababu ya Wino ni nzito na inafaa ifuatwe. Kwa mistari minene ya brashi ningeacha rangi itangulie, kwa kuwa unaona pale panapohitaji weusi na unaweka hapo tu. Anayepaka rangi kwanza apige pasi na apitishe tena wanga mwepesi kwa sponji sehemu zile tu atakazochora, akigonga bila kusugua.

Na hili lieleweke kwa kila anayesoma: pasi haifungi rangi ya maji. Inafunga wino wa aina fulani na akriliki. Rangi ya maji imeshikwa na gamu arabika, na gamu huyeyuka tena ikiguswa na maji hata baada ya miaka. Kipande hiki ni cha ukutani au cha kwenye kitabu, hakifuliwi.

#4 Mama_Viraka

Shikamooni walimu. Swali langu ni la upande wa nyuma. Nataka kuweka kanga nyekundu na nyeusi. Nimeambiwa niloweke kwenye chumvi na siki rangi ishike. Vipimo vyake ni vipi? Na katikati niweke nini, sponji au pamba ya mto?

#5 BiSubana

Marahaba. Chumvi na siki, dada, hazitakusaidia. Rangi za kisasa za pamba hazifungwi na chumvi wala siki baada ya kitambaa kutoka kiwandani. Kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushika, nayo dawa yake ni kuitoa: fua kanga peke yake kwa maji baridi na sabuni, badilisha maji, rudia mpaka yabaki meupe. Kisha lowesha kona moja, ibane kati ya vipande viwili vya kaliko nyeupe, piga pasi. Kaliko ikitoka bila doa, endelea. Ikitoka na waridi, rudi kwenye karai. Nyekundu na nyeusi ndizo sugu.

Tena angalia unakata wapi. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, na pindo lake lina michoro midogo inayojirudia, ndiyo inayopendeza kwenye kipande cha postikadi. Mji mara nyingi una umbo moja kubwa. Ukilikata kwa 10 kwa 15 unabaki na doa lisilo na maana. Jina likikaa vizuri nyuma ya kipande, hilo ndilo neno lako kwa unayempelekea.

Katikati usiweke sponji wala pamba ya mto. Sponji husagika, na pamba ya mto hukusanyika madonge. Chukua flaneli ya watoto, tabaka moja ukitaka kipande tambarare, mawili ukitaka kiumuke. Ichemshe nayo, flaneli hurudi kuliko kaliko.

Sasa mshono, maana hapa ndipo kipande kinapopata uhai wake.

Panga kanga chini, uso ukitazama meza, kisha flaneli, kisha kaliko yenye picha. Piga bandi kubwa (mishono ya muda ya kushikilia) za sentimita 2 kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana sentimita 3. Ukianza bandi pembeni, ziada yote ya kitambaa inasukumwa katikati na itakaa hapo kama kilima. Usitumie pini kwenye sehemu iliyopakwa rangi, zinaacha matundu na wakati mwingine kutu.

Sindano za mkono: namba 9 au 10. Kwa sindano za mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa za cherehani ni kinyume, kwa hiyo soma pakiti. Uzi uwe wa pamba, urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko, karibu sentimita 45. Mrefu zaidi unasuguliwa na kitambaa kila ukivuta, unachoka, unajisokota na kutoa fundo katikati ya kazi. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, kisha kati ya vidole ili nta iingie.

Kufunga: piga fundo dogo la mizunguko miwili, ingiza sindano kwenye kaliko umbali wa sentimita 2 kutoka pa kuanzia, ipite ndani ya flaneli bila kutokea nyuma, itoke pa kuanzia, kisha vuta kwa mshtuko mdogo. Utasikia fundo likiruka na kuingia ndani. Likikataa, kuna uwezekano fundo ni kubwa au kitambaa kina wanga mwingi. Gusa mahali pale kwa ncha ya kucha kulegeza nyuzi na uvute tena. Kumalizia ni hivyohivyo.

Mishono iwe milimita 3 hadi 4 na ilingane. Kulingana kuna thamani kuliko udogo. Sukuma sindano kwa subana kwenye kidole cha kati, pandisha mishono 3 au 4 kwenye sindano kabla ya kuvuta. Vuta mpaka uzi ulale, usivute mpaka ukunje. Ukiona mikunjo midogo inayotoka kwenye mstari, umekaza: ingiza tako la sindano chini ya kila mshono uulegeze mmojammoja kuelekea mwisho.

Na wapi ushone? Wengi wanafuata mstari wa wino kwa uzi, na hapo wino na uzi vinafanya kazi moja mara mbili. Kumbuka kwamba palipopita uzi panazama na palipoachwa panainuka. Mchoro wa embe, kwa mfano: acha embe lenyewe bila mshono, shona mandharinyuma kwa mistari iliyoachana milimita 5, na embe litainuka lenyewe. Kivuli chini yake kizidishie mishono, kizame zaidi. Rangi inasema giza, na uzi unakubaliana nayo.

#6 Nyuzi47

BiSubana amemaliza. Niongeze njia nyingine ambayo haihitaji bandi za muda wala cherehani, ya Wasidi wa Karnataka, India. Hawa ni wazao wa Waafrika, wengi wao waliofikishwa Goa enzi za Wareno na kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Matandiko yao ya viraka yanaitwa kawandi, na wanayashona kutoka ukingoni kuingia ndani, kwa mstari mmoja unaozunguka mpaka katikati. Kwa kipande kidogo inafanya kazi vizuri sana.

Msingi kata 17 kwa 22 (kipande hiki kitatoka kikubwa kuliko postikadi, karibu 15 kwa 20). Flaneli iwe ndogo kwa sentimita 1 kila upande. Kunja ukingo wa msingi juu ya flaneli, kisha weka kiraka cha kwanza kwenye kona, kingo zake za nje zikiwa zimekunjwa ndani, zilingane na ukingo wa msingi. Anza kushona kwa bandi ndogo ya milimita 4, milimita 3 kutoka ukingoni, ukipita tabaka zote. Ukikaribia mwisho wa kiraka, chomeka kinachofuata chini yake au juu yake, ukingo unaoonekana ukunjwe. Usibandike viraka vyote kwa mpigo. Kila kimoja kiwekwe unapokifikia, na baada ya kila mzunguko laza kiganja na kusukuma ziada kuelekea katikati. Mizunguko iachane milimita 6 hadi 8. Mwisho katikati panabaki tundu la kufunikwa kwa kiraka kimoja.

Kwenye kona Wasidi huweka phula, yaani ua: kipande cha mraba kinachokunjwa mshazari kuwa pembetatu, kisha tena, na kushonewa konani ncha ikitokeza nje. Kwa saizi yetu mraba wa sentimita 5 unatosha, nao lazima uwekwe kabla mzunguko wa kwanza haujafika konani. Baadaye hauingii.

Viraka vya njia hii tafuteni kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi: shati za wanaume za pamba asilimia 100 na mashuka ya zamani. Vimefuliwa mara nyingi, havina wanga wa kiwandani, havirudi nyuma tena, na sindano inapita bila kusukumwa. Epuka kola, kafu na ubao wa vifungo, humo kuna kitambaa cha gundi kilichobandikwa.

#7 Kariokor_Kushona

Mimi ni wa cherehani, Butterfly nyeusi ya kuzungusha. Kwa kazi hii ndogo nifuate nini? Chini ya kitambaa uzi unafanya kiota.

#8 BiSubana

Kiota kikiwa chini, tafuta kosa juu. Uzi wa juu haukuingia kati ya visahani vya mkazo, na mara nyingi ni kwa sababu uliutia mguu wa cherehani ukiwa chini, wakati visahani vimebanana. Inua mguu, toa uzi, tia upya, shikilia ncha mbili za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza. Ikiwa bado, safisha vumbi la flaneli chini ya bamba la sindano. Flaneli humwaga manyoya mengi mno.

Sindano namba 11 kwa tabaka tatu nyembamba, 14 ukiongeza kiraka cha kitenge kizito. Urefu wa mshono milimita 2.5 hadi 3. Ukitaka kuzungusha kipande kwa mikono na kuchora kwa uzi, meno ya cherehani yasisukume: kama mashine yako haishushi meno, funika kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano, weka urefu wa mshono sifuri, na utoe mguu wa kawaida uweke wa kutarizi. Bila mguu wowote kitambaa kitapanda na sindano, mishono itaruka na vidole vitakuwa hatarini.

Palipopakwa akriliki nzito, sindano huacha tundu ambalo halijifungi. Shona mara moja, usifumue.

#9 Mchanga_na_Maji

Kwa wanaouliza rangi ya bei nafuu: udongo mwekundu wa Kabete, Karura na Kiambu ni rangi tayari. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, ambayo jua haliifanyi kitu. Udongo mweusi wa Embakasi na Athi River usiuguse kwa kazi hii, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na utapasuka juu ya karatasi vilevile.

Chukua vikombe viwili vya udongo mkavu kutoka chini ya sentimita 30, ambako hakuna mizizi. Twanga, chekecha, tia kwenye lita 2 za maji, koroga kwa nguvu. Subiri nusu dakika mchanga ushuke, kisha mimina maji ya rangi kwenye chombo kingine na utupe kilichobaki chini. Rudia mara mbili. Acha yatulie siku mbili, mwaga maji safi ya juu, anika mashapo kwenye sahani. Ukiyasaga kati ya vidole na ukasikia chembe, hujamaliza.

Gundi yake ni gamu arabika, utomvu wa mgunga unaovunwa huku kwetu Turkana, Isiolo na Wajir. Kipimo kimoja cha gamu kwa viwili vya maji ya moto, iache usiku mzima, chuja kwa kitambaa asubuhi. Kwa vijiko vitano vya gundi hiyo tia kijiko kimoja cha asali, isaidie rangi kulowa tena ikishakauka, na tone moja la mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Changanya gundi na unga wa udongo sawa kwa sawa juu ya kioo, saga kwa tako la chupa bapa dakika 15 au zaidi, mpaka sauti ya mkwaruzo iishe.

Paka kidogo kwenye karatasi, kikauke, sugua kwa kidole. Kikitoka unga, ongeza gundi. Kiking'aa au kupata nyufa, gundi imezidi, ongeza udongo. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hunywa gundi zaidi ya unavyotarajia.

Anayetaka rangi ya udongo kwenye kitambaa kitakachoguswa na maji atumie maziwa ya soya badala ya gamu, njia ya Wajapani. Nusu kikombe cha soya, loweka usiku, saga na vikombe vitatu vya maji, chuja mara tatu. Tumia siku hiyohiyo, yanachacha. Paka tabaka nyembamba, acha zikauke kila moja, kisha kipande kikae wiki nne bila kuguswa na maji. Protini ya soya hukaza taratibu, hakuna njia ya mkato.

#10 Wino_Mweusi

Nyongeza kuhusu jua, kwa sababu hapa Nairobi linapuuzwa. Vitabu vya Ulaya vinashauri kukaa au kutundika karibu na dirisha la kaskazini, ambako jua haliingii. Sisi tuko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini, miezi mingine liko kusini. Hakuna dirisha lililo salama mwaka mzima. Tundika kwenye ukuta wa pembeni usiopata mwanga wa moja kwa moja. Makumbusho huweka rangi za maji na nguo kwenye mwanga wa kama lux 50, ambao ni hafifu kuliko sebule yoyote mchana.

Soma msimbo ulio kwenye tyubu. PB29 (ultramarini), PBr7 (sienna), PY43 (njano ya udongo) na PV19 (waridi ya kwinakridoni) ni imara. PR83, ile nyekundu ya alizarini, hufifia, na waridi kali za kung'aa hufifia mapema zaidi. Tyubu au kisanduku kisicho na msimbo, kipime mwenyewe: paka ukanda, funika nusu kwa foili, bandika dirishani miezi mitatu, funua ulinganishe.

Anayetaka kuona rangi za maji zilizotunzwa, michoro ya mimea ya Joy Adamson iko kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill.

#11 Mama_Viraka

Nashukuru sana. Je, karatasi nayo inashonwa? Na lubugo ya Uganda?

#12 PindoNaMji

Karatasi inashonwa, mradi iwe ya pamba, gramu 300. Karatasi ya manila na ya printa zimetengenezwa kwa mbao, hugeuka njano na kukatika. Kwenye karatasi rangi na wino vitangulie, vikauke kabisa, kisha toboa matundu yote kabla ya kutia uzi: weka karatasi juu ya malapa ya mpira ya zamani, toboa kwa sindano wima, kutoka mbele kwenda nyuma, kila milimita 4. Yakikaribiana chini ya milimita 3, karatasi itachanika kwenye mstari huo kama stempu. Usivute uzi kuelekea kwako, uvute sambamba na karatasi. Na usifunge nyuma kwa selotepu, gundi yake hutoka njano upande wa mbele; funga fundo chini ya mshono wa mwisho. Sindano iliyopita kwenye karatasi imebutuka, usiirudishe kwenye kitambaa.

Januari na Februari hewa ni kavu na rangi inakauka kabla hujaunganisha kingo. Lowesha karatasi mbele na nyuma. Julai ni kinyume, subiri.

Lubugo ni gome la mutuba lililopondwa, halikufumwa, kwa hiyo halina mtande wa kushikilia mshono. Mishono iwe milimita 6 au zaidi, uzi mnene, na weka kaliko nyuma. Rangi nyepesi za maji zinapotea kwenye kahawia yake. Tumia wino na uzi. Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya, anapaka rangi ya mafuta juu yake, na mishono na matundu ya gome vinabaki vinaonekana ndani ya picha. Hilo ni jambo la kuangalia kwa karibu ukipata nafasi.

#13 Kariokor_Kushona

Butterfly yangu haina zigizaga. Pindo nimalizeje?

#14 BiSubana

Kwa mkanda wa kanga. Toa bandi zote, nyoosha kipande kwa rula na wembe mpaka 10 kwa 15 kamili. Kata mkanda wa upana wa sentimita 3, urefu sentimita 60: mzunguko ni 50, zilizobaki ni za kona na maungio. Kingo zimenyooka, huna haja ya kukata mshazari.

Anzia katikati ya upande mrefu, kamwe si konani. Shona kwa mbele, milimita 6 kutoka ukingoni. Ukifika milimita 6 kabla ya kona, simama, rudi mshono mmoja, kata uzi. Kunja mkanda kwenda juu ufanye pembe ya digrii 45, urudishe chini ulingane na upande unaofuata, anza tena kutoka ukingoni. Mwishoni kunja ncha ndani na uilaze juu ya ile ya kwanza kwa sentimita 1.

Geuza mkanda nyuma, kunja nusu, upige kwa mishono iliyofichika, sindano ikinyanyua kanga na flaneli tu. Ikitokea mbele, itaharibu rangi. Kona za nyuma zikunjwe upande wa pili na ulivyokunja mbele, unene ugawanyike. Zikikunjwa upande mmoja zitavimba na kipande hakitalala.

#15 Mama_Viraka

Na kukihifadhi?

#16 Mchanga_na_Maji

Karatasi safi isiyo na asidi, si nailoni. Wakati wa mvua ndefu nailoni inatunza unyevu na ukungu unapata wanga wa kula, pia wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokaa nyuma ya vitabu. Ukitumia fremu, kioo kisiguse kitambaa, weka nafasi ya milimita 3. Jina na tarehe andika nyuma kwa penseli au shona, usitumie kalamu ya mpira.